Uzi: Kupinga desturi kwa hoja ndani ya Uhindu. Daraja za ushahidi, jinsi hoja inavyojengwa, na inapokwama

Msomaji Huru (mwanzisha uzi)

Wadau, kila Uhindu unapotajwa humu watu hugawanyika mafungu mawili. Wapo wanaosema ni dini ya kufuata mapokeo kimyakimya, pandita (mwanachuoni wa dini) akishasema imetoka hiyo. Wapo wanaosema haina mamlaka yoyote, kila mtu na miungu yake. Wote wanaruka jambo moja: Wahindu wenyewe waliandika kanuni za kupima amri ya dini, pamoja na kanuni ya kuikataa. Naziweka hapa kwa mpangilio wa kutumika, kisha tubishane.

Kwanza daraja za ushahidi. Kitabu cha sheria cha Manu, 2.12, kinataja nne: Veda, maandiko ya juu kabisa (shruti), kisha smriti, yaani vitabu vya sheria vya akina Manu, Yajnavalkya na Parashara, kisha mwenendo wa watu wema (sadachara), na mwisho kile ambacho nafsi ya mtu inakiridhia. Mbele ya amri yoyote, swali la kwanza ni imekaa daraja lipi. Ukifuatilia utakuta mengi yanayoitwa "dini yetu inasema" yako daraja la tatu: mila ya ukoo, ya kijiji au ya tabaka. Ukishalijua hilo, mzigo unahamia kwa anayedai. Yeye ndiye alete andiko.

Pili, daraja zikigongana. Jaimini, katika sutra za Mimansa (shule iliyojikita katika kufasiri amri za Veda), anasema kwenye 1.3.3 kwamba smriti ikipingana na shruti iwekwe kando. Isipopingana, tuchukulie kuwa ina chanzo katika Veda hata kama hatukioni. Mfafanuzi wake Shabara anatoa mfano wa nguzo. Katika ibada ya soma husimikwa nguzo ya mti wa udumbara, jamii ya mkuyu. Shruti inamtaka mwimbaji aimbe akiwa ameigusa. Smriti inasema nguzo yote ifunikwe kitambaa. Ikifunikwa yote, ataigusa wapi? Smriti hiyo inaanguka.

Tatu, na hapa ndipo penye utamu. Sutra inayofuata, 1.3.4, ni fupi mno: inaongeza tu kwamba sababu nyingine nayo inaonekana. Shabara anaifafanua bila haya: makuhani walikitaka kitambaa. Walioifunika nguzo yote walisukumwa na tamaa, na zoea lao ndilo lililokuja kushika nafasi ya sheria. Kanuni inayotoka hapo ni kwamba amri ikiwa na faida ya wazi kwa yule anayeitoa, hulazimiki tena kuikisia kuwa na asili takatifu. Na aliyeandika hivyo si mpinga dini. Ni mtetezi mkali wa Veda kuliko karibu wote.

Nne, umbo la hoja. Mjadala mmoja wa Mimansa huitwa adhikarana na una viungo vitano: mada, shaka, hoja ya upande wa pili (purvapaksha), hitimisho (siddhanta), na uhusiano wa hitimisho hilo na mambo mengine yaliyokwisha kuamuliwa. Kiungo kinachowashinda wengi ni cha tatu. Purvapaksha inaandikwa kwa nguvu zake zote, kiasi kwamba mpinzani akiisoma aseme naam, hicho ndicho ninachodai. Ukiiandika kizembe ili uipige kirahisi, hujajibu kitu.

---

Mchokonozi

Mkuu, umechukua minofu ukaacha mifupa. Manu huyohuyo, aya moja tu juu ya hiyo, 2.11, anasema anayeidharau shruti na smriti kwa kutegemea elimu ya hoja afukuzwe na watu wema, huyo ni mkanaji. Gita, andiko mashuhuri la Kihindu, 16.24 inasema andiko ndilo kipimo cha lipi lifanywe na lipi lisifanywe. Katha Upanishadi, ambayo ni sehemu ya Veda, 1.2.9 inasema ujuzi huu haupatikani kwa kubishana. Sasa hiyo akili huru unayoitangaza iko wapi? Naona mtumishi aliyeruhusiwa kupanga viti, basi.

---

Bint Pwani

Kaka Mchokonozi, aya zako ziko sawa. Ila soma na Manu 12.106: anayechunguza mafundisho kwa tarka, yaani hoja, isiyopingana na Veda, huyo ndiye aijuaye dharma (wajibu wa kidini), mwingine hapana. Kwa hiyo 2.11 haikatazi kuhoji. Inamkataza mtu anayetumia hoja kuvunja mizizi yote miwili kwa mpigo. Upo pia ubeti maarufu wa Brihaspati unaosema uamuzi usitolewe kwa kutegemea andiko peke yake, kwa sababu kesi ikiamuliwa pasipo hoja, dharma inaharibika. Ule ulikuwa ukitumika kwa waamuzi, watu wenye kesi halisi mbele yao.

Ama kuhusu mtumishi, inategemea uwanja. Shankara, mwanafalsafa mkubwa wa Kihindu, akifafanua Gita 18.66, anasema hata shruti mia zikitamka kwamba moto ni baridi au hauna mwanga, hazitakuwa ushahidi. Andiko lina kauli pale ambapo macho na hoja havifiki. Likiingia uwanja wa macho likapingana nao, tafsiri ndiyo yenye kasoro, itafutwe nyingine. Shankara huyohuyo, kwenye Brahma Sutra 2.1.11, anakiri kwamba hoja tupu haina mahali pa kutua, leo fundi huyu anaijenga, kesho fundi hodari zaidi anaibomoa. Kisha anamruhusu mpinzani ajibu kwamba hata kuonyesha udhaifu wa hoja kumehitaji hoja.

Kupata maana ya andiko nako kuna utaratibu. Alama sita hutazamwa: mwanzo na mwisho vinavyokubaliana, kurudiarudia, upya wa jambo, matunda yake, sifa linazopewa, na ya sita ni upapatti, yaani hoja inayolithibitisha. Chukua Upanishadi ya Chandogya sura ya 6. Kauli "wewe ndiwe hilo" inarudiwa mara 9, hiyo ni alama ya pili. Ya sita inajaa sura nzima: Uddalaka anamwambia mwanawe Shvetaketu asile siku 15, anywe maji tu. Zikiisha anamwambia asome Rig, Yajus na Saman. Kijana hakumbuki chochote. Anakula, kumbukumbu inarudi. Baba anatoa funzo kwamba akili inategemea chakula. Huko ni kufundisha kwa kujaribu, ndani ya Veda yenyewe.

---

Fundi Mantiki

Mmekaa Mimansa tu, Nyaya, shule ya mantiki, mmeisahau. Tofauti yao ina uzito kwa mada hii. Mimansa inaiamini Veda kwa kuwa haina mtunzi, hivyo hakuna wa kukosea. Nyaya inasema neno lolote ni ushahidi likitoka kwa apta, mtu wa kuaminika. Vatsyayana, mfafanuzi wa kwanza tuliye naye, anampima apta kwa mambo matatu: awe amelijua jambo moja kwa moja, awe na huruma kwa viumbe, na awe na nia ya kulieleza kama alivyolijua. Kisha anaongeza kwamba kipimo hicho ni kimoja kwa rishi (mwonaji mtakatifu wa kale), kwa mwungwana na kwa mgeni asiye wa mila yetu. Chukua hayo matatu umpime guru yeyote wa leo mwenye wafuasi na kamera. Wengi wanakwama kwenye la tatu.

Hoja ya Nyaya ina viungo vitano. Mfano:
Dai: desturi hii haimfungi mtu.
Sababu: kwa kuwa inapingana na shruti.
Mfano: kila kinachopingana na shruti hakifungi, kama kile kitambaa cha nguzo.
Kuoanisha: desturi hii nayo inapingana hivyohivyo.
Hitimisho: kwa hiyo haimfungi mtu.

Inaharibika wapi? Nyaya inataja aina tano za sababu bandia, mbili ndizo zinazotawala kwenye mabishano ya nyumbani. Ya kwanza ni sababu ambayo yenyewe haijathibitishwa: unasema inapingana na shruti, hujaonyesha shruti ipi. Ya pili ni sababu inayopatikana pande zote mbili. "Ni sahihi kwa kuwa ni ya kale." Kamari nayo ni ya kale, Rigveda 10.34 inamlilia mcheza kamari, na hakuna anayesema basi ni sahihi. Ukale uko kwenye jema na kwenye baya, hauthibitishi kitu.

Halafu kuna makosa 22 yanayomfanya mtu ahesabiwe ameshindwa. Mawili yajulikane humu jukwaani: kubadili sababu katikati ya mjadala baada ya ile ya kwanza kubomolewa, na kuhamia mada nyingine. Modereta angeyatumia tungebaki watu wanne.

---

Mchokonozi

Hapo kwa Nyaya ndipo nakusubiri, fundi. Sura ya pili ya Nyaya Sutra mpinzani anasema Veda si ushahidi kwa sababu ina uongo, inajipinga na inajirudia. Uongo wenyewe: imeahidi kwamba ibada ya putreshti huleta mtoto, watu wamefanya na mtoto hakuja. Jibu la sutra inayofuata? Kasoro iko kwenye kitendo, au kwa mtendaji, au kwenye vifaa. Mantra ilitamkwa vibaya, mume au mke hakufuata masharti, samli haikuwa safi. Kwa jibu hilo ahadi haiwezi kushindwa kamwe. Mtoto akija, Veda ni kweli. Asipokuja, mlikosea nyinyi. Hicho ni kipimo gani?

---

Fundi Mantiki

Umegusa penye kidonda, sikatai. Naiyayika, yaani mfuasi wa Nyaya, angejitetea kwamba dawa nayo haifanyi kazi ikichanganywa vibaya, na ndiyo maana sutra za mwisho za mjadala huo zinaifananisha Veda na Ayurveda, elimu ya tiba: tumeona tiba zikifanya kazi, waliozileta ni wa kuaminika, basi tuwaamini na kwa yasiyoonekana. Lakini ulinganisho huo una deni. Kwenye dawa unaweza kuitenga kasoro ukajaribu tena. Kwenye putreshti hakuna aliyeweka orodha ya kasoro kabla ya kuanza. Kasoro inatafutwa baada ya kushindwa. Charvaka, waliokubali ushahidi wa macho pekee, walicheka hapohapo.

---

Kaskazi

Nadharia imetosha, nileteni kesi halisi. Iliyo bora ni ya Ishwar Chandra Vidyasagar, pandita wa Kolkata, kuhusu wajane kuolewa tena. Mwaka 1855 alichapisha vijitabu viwili, na 1856 ikaja Sheria namba XV iliyoruhusu ndoa hizo. Tazameni alivyopanga.

Hakuanza kwa kusema wajane wanateseka. Alijua jibu: mateso si hoja ya dharma. Alianza na swali la daraja: ni kitabu kipi kinachotawala zama hizi? Parashara Smriti sura ya 1 inajibu yenyewe, kwa zama nne za dunia: Manu kwa Krita, Gautama kwa Treta, Shankha na Likhita kwa Dvapara, Parashara kwa Kali. Tuko Kali, kila pandita anakubali. Basi Parashara ndiye mwamuzi.

Kisha ubeti wa sura ya 4: mume akipotea, akifa, akiingia utawa, akiwa hanithi, au akianguka kutoka tabaka lake, katika majanga haya matano mwanamke ameruhusiwa mume mwingine. Beti zinazofuata zinamsifu mjane anayeishi kwa useja, na yule anayekufa pamoja na mumewe. Njia tatu. Ya tatu ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1829. Ya pili, akasema Vidyasagar, ni ngumu mno kwa watu wa Kali. Inabaki ya kwanza, na smriti imeitanguliza.

Wapinzani hawakuwa wajinga. Walikuja na purvapaksha tatu nzito. Moja: ubeti ni wa binti aliyeposwa tu, hajaolewa. Akajibu kwamba andiko linataja mume, na hakuna neno la posa popote. Mbili: Madhava, mfafanuzi mkubwa wa Parashara, amesema ruhusa hii ilikuwa ya zama zilizopita. Akajibu kwamba Parashara ametangaza kitabu chake ni cha Kali. Mfafanuzi hana uwezo wa kukihamisha kitabu anachokifafanua. Tatu, na hii ndiyo iliyokuwa hatari: Purana (vitabu vya masimulizi na ibada) zina orodha ya mambo yaliyokatazwa kwa Kali, na ndoa ya pili ya mwanamke imo. Hapo akarudi kwenye ngazi: upo ubeti wa Vyasa kwamba shruti, smriti na purana zikigongana, shruti inashinda, na kati ya hizo mbili za chini smriti inashinda purana. Orodha ikaanguka kwa sheria yao wenyewe.

Angalieni kwamba hakuvunja daraja hata moja. Alipanda ngazi ileile ya wapinzani wake, kwa uangalifu kuliko wao.

---

Bint Pwani

Niongeze ya sati, yaani mjane kuchomwa pamoja na maiti ya mumewe, kwa sababu Ram Mohan Roy, mwanamageuzi wa Bengal, alitumia zana nyingine. Kwenye kijitabu chake cha 1818, kilichoandikwa kama mazungumzo ya watu wawili, alisimama kwenye sehemu tatu. Manu anamwelekeza mjane kwenye maisha ya kujinyima, na Manu yuko juu ya Angiras na Harita wanaosifu kujichoma. Pili, anayejichoma hutamka nia ya kupata pepo, na Gita inadharau vitendo vinavyofanywa kwa tamaa ya matunda. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: maandiko yanayoruhusu yanasema mjane apande mwenyewe juu ya kuni. Huku watu wanamfunga kamba na kumkandamiza kwa mianzi. Kwa hiyo hata ukikubali andiko, kinachofanyika si kile kilichoandikwa. Kabla ya kubishana na andiko, angalia kama desturi inalifuata.

---

Mchokonozi

Sawa, hoja zilishinda kwenye karatasi. Tuseme na yaliyofuata. Maombi yaliyokwenda serikalini kupinga sheria ya 1856 yalikuwa na sahihi nyingi mno kuliko ya Vidyasagar. Sheria ikapita, ndoa zikawa chache. Kifungu cha 2 kilimwondolea mjane anayeolewa haki zake katika mali ya marehemu mumewe. Huyo ataolewa na nani, na akiolewa atakula nini? Na waliotoa sheria ni Waingereza, si baraza la mapandita. Mimi naona hoja ilitoa kifuniko, nguvu ilitoka kwingine.

---

Kaskazi

Kifuniko chenyewe ndicho kilichoiwezesha serikali kuthubutu, kaka. Bila ubeti wa Parashara, wangeambiwa mnaingilia dini. Lakini kuhusu Kifungu cha 2 uko sahihi, ni shimo ambalo hoja ya andiko haikulifukia, kwa sababu Vidyasagar alikuwa akijibu swali la ruhusa, na mali ni swali jingine.

Pia kuna suala la nani anaamua mshindi. Tarehe 16 Novemba 1869 mwanamageuzi Dayananda Saraswati alibishana na mapandita wa Kashi (Varanasi) mbele ya mfalme wa Kashi mwenyewe. Dai lake: onyesheni ibada ya sanamu katika Veda. Mjadala ukapotea kwenye mambo ya pembeni hadi jua likazama, na kila upande ukaondoka ukitangaza ushindi. Kwa kanuni za Nyaya, mjadala unatakiwa kuwa na mada iliyokubaliwa na waamuzi waliokubaliwa na pande zote. Kashi hapakuwa na hao wa pili.

---

Msomaji Huru

Dayananda ametajwa, basi tuguse daraja la juu kabisa, maana hapo ndipo wanamageuzi walipoachana. Wabrahmo, kundi la wanamageuzi wa Kolkata, walianza na Veda. Kiongozi wao Debendranath Tagore akatuma wanafunzi wanne Kashi kuisoma yote, na kufikia 1850 hivi, baada ya ubishi mrefu wa ndani ulioongozwa na Akshay Kumar Datta, wakaacha kudai kwamba haikosei. Datta anakumbukwa kwa hesabu yake: kazi ni mavuno, kazi na sala ni mavuno, basi sala ni sifuri.

Dayananda, aliyeanzisha Arya Samaj Mumbai mwaka 1875, alikwenda upande mwingine. Alizishusha Purana, akashusha sanamu na tabaka la kuzaliwa, lakini akazibakisha Samhita nne za Veda (mikusanyo yake ya msingi) juu pasipo kuguswa. Katika Satyarth Prakash anatoa vipimo vitano vya ukweli: ulingane na Veda na sifa za Mungu, na kanuni za maumbile, na mwenendo wa watu wa kuaminika, na usafi wa nafsi yako, na njia nane za ushahidi. Kipimo cha kwanza na cha pili vikigongana? Kwake haviwezi kugongana, na hilo linamlazimu kufasiri Veda kwa namna ambayo wataalamu wengi wa Kisanskriti wanaikataa. Wabrahmo walikuwa wakweli zaidi kimantiki, ila walibaki wachache. Arya walienea, hata kwetu: Arya Samaj Nairobi ni ya 1903.

---

Kijana wa Upanga

Shikamooni wakubwa. Mnisaidie kwa jambo la kawaida. Watu wanasema lazima mtoto wa kiume awashe moto wa maiti, binti haruhusiwi. Kwa ngazi yenu, hilo linajibiwaje?

---

Bint Pwani

Marahaba. Twende hatua kwa hatua.

Daraja: kama katazo lipo, mpinzani aonyeshe lilipo. Utaletewa desturi kwanza. Ukidai andiko, utaletewa Manu 9.138, mwana ndiye anayemwokoa baba na jehanamu iitwayo Put. Hiyo ndiyo purvapaksha, na ni nzito. Lakini inamsifu mwana, haimkatazi binti. Sifa na katazo ni vitu viwili.

Upande wako: Garuda Purana, ile inayosomwa nyumba nyingi za misiba, inasema mwana akikosekana mke afanye, na mke akikosekana ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo jinsia ya kike yenyewe si kizuizi. Ni purana, daraja la chini, lakini haigongani na kitu cha juu.

Sababu inayoonekana: katika sheria ya Dayabhaga ya Bengal, haki ya kurithi ilifungwa na haki ya kumtolea marehemu pinda, yale madonge ya wali. Palipo na fungamano kama hilo, uliza nani anafaidika binti akiwekwa kando. Mara nyingi ni ukoo wa baba mdogo au baba mkubwa.

---

Mchokonozi

Utamletea na Manu 9.130, binti ni sawa na mwana? Usijaribu. Aya hiyo iko katikati ya mjadala wa urithi, muktadha unaibana.

---

Bint Pwani

Kweli inabanwa, ndiyo maana sikuiweka mbele. Muktadha ni kipimo cha nne kati ya sita za Jaimini 3.3.14, kauli ya wazi inaushinda, lakini hapa kauli yenyewe inazungumzia mali. Iliyo na nguvu zaidi ni 9.139: mtoto wa binti humwokoa babu katika ulimwengu ujao sawasawa na mtoto wa mwana. Hiyo imetoka kwenye mali ikaingia kwenye wokovu. Inathibitisha kwamba uzao wa binti haukatiki kiibada. Haithibitishi binti mwenyewe kuwasha moto, na ukidai hivyo pandita makini atakukamata kwa sababu isiyothibitishwa.

Kijana, kiutendaji: jambo hili lisipelekwe kwa pandita siku ya msiba. Maiti haingoji adhikarana, na aliye na sauti kubwa ukumbini ndiye atakayeamua. Mzazi aseme akiwa hai, mbele ya ndugu na pandita wa familia, nani atawasha, nani atatoa pinda siku kumi za mwanzo, na nani atafanya ya siku ya kumi na mbili. Pandita akikataa, aombwe andiko kwa sura na aya. Akileta desturi, mkubalieni kwamba ni desturi, kisha mtafuteni mwingine. Wapo wanaofanya.